Cannoli, sfogliatella au seadas: anza na jibini

*Swali: Assalaam aleikum mtaalamu. Naoka na kuuza vitamu hapa Malindi, na wateja wangu wengi ni Waitaliano, wanaoishi huku na wanaokuja likizo. Nilitengeneza cannoli, ile mirija ya unga inayokaangwa na kujazwa jibini, kwa kufuata video, nikajaza jibini laini ya kopo niliyoichanganya na krimu. Mzee mmoja wa Palermo, kisiwani Sisilia, akaonja, akasema ni tamu lakini si cannoli. Mteja wa Napoli ananiambia niachane nazo nimfanyie sfogliatella, kitamu cha unga kinachookwa na jibini ndani. Mama wa Sardinia naye anashikilia kwamba kitamu cha jibini cha kweli ni kile kinachokaangwa na kumwagiwa asali. Nimfuate nani? Nitumie jibini gani? Na mafuta ya nguruwe na mvinyo, ambavyo siwezi kuviingiza jikoni kwangu, nitaweka nini badala yake?*

Waalaikum salaam, dada yangu.

Wateja wako wote watatu wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja anazungumzia kwao. Italia ilikuja kuwa dola moja mwaka 1861, na jikoni kwake hadi leo kila mkoa una desturi zake. Hakuna kitamu kimoja cha jibini cha Waitaliano wote. Vipo vingi, na kinachovitenganisha kwanza ni mnyama aliyekamuliwa, kisha msimu, kisha sikukuu. Unga na umbo huja baadaye. Mzee wa Palermo hakuwa na neno na mrija wako wa unga. Alichokikataa ni ulichoweka ndani, na mimi ningekikataa pia.

Kwa hiyo tuanze na ricotta, maana ukiielewa hiyo, nusu ya maswali yako imejibika. Mfugaji anapogandisha maziwa kutengeneza jibini, mabonge hutolewa na maji ya kimanjano hubaki sufuriani. Maji hayo bado yana protini ambazo hazikuganda mara ya kwanza. Yakipashwa moto tena hadi nyuzi 80 na zaidi, protini hizo hushikana na kuelea juu, nyeupe na laini mno. Hukingwa kwa kijiko chenye matundu na kuwekwa kwenye vikapu vichuje. Hiyo ndiyo ricotta. Ni chakula cha mchungaji asiyetupa kitu. Haina chumvi nyingi, haina uchachu, na ina utamu wake mdogo wa maziwa. Jibini ya kopo uliyotumia ina uchachu na chumvi, tena hushikana kama mafuta mdomoni. Mascarpone nayo ni krimu iliyogandishwa, ya Lombardia, kaskazini kabisa. Mpalermo hana historia nayo ndani ya cannoli, ingawa Waitaliano wa Marekani huichanganya humo mara nyingi, na huenda video uliyoifuata ilitoka huko.

Ukienda Sisilia, ricotta ya vitamu ni ya kondoo. Maziwa ya kondoo yana mafuta asilimia 6 hadi 8, wakati ya ng'ombe yana kama 4, na ricotta yake ina harufu ya malisho ambayo ya ng'ombe haina. Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni msimu. Kondoo wa huko huzaa kuanzia mwishoni mwa mwaka, maziwa yakajaa wakati wa baridi na masika. Joto la Julai na Agosti likikausha malisho, maziwa hupungua. Ndiyo maana vitamu vya ricotta vimeshikamana na Kanivali, zile siku za kula na kusherehekea kabla ya Kwaresima, na vimeshikamana na Pasaka. Cannoli zenyewe zilikuwa za Kanivali kabla ya kuwa za kila siku. Sikukuu iliangukia pale jibini ilipokuwa nzuri.

Cannoli halisi ni mrija mkavu wa unga wa ngano, mafuta ya nguruwe, sukari kidogo na mvinyo, mara nyingi Marsala, ambao ni mvinyo wa kisiwa hichohicho. Wengine hutia kakao kidogo kwa ajili ya rangi. Zamani unga ulizungushwa kwenye vipande vya matete ukakaangwa navyo. Siku hizi ni vibomba vya chuma. Uso wa mrija lazima uwe na malengelenge, nayo huletwa na asidi ya mvinyo na siki pamoja na mafuta yenye moto sawasawa. Ndani huwekwa ricotta ya kondoo na sukari, iliyopitishwa kwenye chujio, pengine na vipande vidogo vya chokoleti. Pande za Palermo ncha hupambwa kwa utepe wa ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari. Pande za Catania huchovywa kwenye pistachio zilizopondwa, maana Bronte, mji wa pistachio, uko hapo kwenye miteremko ya mlima Etna. Piana degli Albanesi, mji mdogo juu ya Palermo uliojengwa na wakimbizi wa Kialbania, unajulikana kwa cannoli kubwa ambazo watu husafiri kwenda kuzila. Hapo haziwekwi tayari kabatini: mrija unajazwa mteja akiwa amesimama mbele yako. Kama kuna jambo moja la kuiga kutoka Sisilia, iga hilo.

Kisiwa hicho kina mengi zaidi ya cannoli. Cassata ni keki ya sponji iliyojaa ricotta, ikazungushiwa marzipani ya kijani ya lozi na kupambwa kwa matunda yaliyokolezwa sukari. Ipo pia cassata ya kuokwa, isiyo na mapambo, ambayo ni ganda la unga wa biskuti lenye ricotta ndani, na mimi naipenda kuliko ile ya sherehe kwa sababu jibini haifunikwi na sukari. Catania, katika sikukuu ya Mtakatifu Agata, tarehe 3 hadi 5 Februari, huoka vikeki vya mviringo vyenye ricotta, vikafunikwa sukari nyeupe na kuwekwa cheri moja juu. Umbo lake linakumbusha mateso ya mtakatifu huyo aliyekatwa matiti. Na upande wa magharibi, Trapani, wana cassatelle: duara la unga linalokunjwa nusu mwezi juu ya ricotta, kingo zikabanwa, likakaangwa na kuliwa moto likiwa limenyunyiziwa sukari. Hizo kumbuka, nitazirudia.

Sukari na michungwa vilivyomo katika vitamu hivi vililetwa Sisilia na Waislamu, waliotua Mazara mwaka 827 na kukitawala kisiwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Walileta miwa, walileta michungwa michungu na malimau, na ufundi wa kunyunyizia mashamba maji. Ricotta ilikuwepo tangu kale, lakini kuipamba kwa ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari kusingewezekana bila mashamba yale. Mtu wa pwani ya kwetu akionja cassata yenye lozi na maganda ya machungwa haoni ugeni mkubwa, na sababu ni hiyo: bidhaa hizi zilipita katika mikono ya wafanyabiashara waliokuwa wakifika pia kwetu.

Napoli ni habari nyingine. Sfogliatella hutajwa kuwa ilianzia kwenye monasteri ya watawa wa Santa Rosa, huko Conca dei Marini, pwani ya Amalfi, na mwaka 1818 Pasquale Pintauro akaanza kuiuza Napoli katika barabara ya Via Toledo. Mteja wako akitaka sfogliatella muulize ipi, kwa sababu ziko mbili za kila siku. Riccia ni ile yenye tabaka nyingi mno zinazopasukapasuka kama kombe la bahari. Frolla ni ya mviringo, ya unga laini wa biskuti. Kilichomo ndani ni kilekile. Ile ya tatu, Santa Rosa, ni riccia kubwa iliyoongezwa krimu ya mayai na cheri nyeusi juu.

Hicho kilichomo ndani ndicho kinachonivutia zaidi kama mpishi. Watu wa Napoli huipika semolina, yaani suji, kwa maji au maziwa mpaka iwe uji mzito. Ukipoa huchanganywa na ricotta, sukari, yai, mdalasini na vipande vya maganda ya machungwa. Suji haikuwekwa kwa ajili ya kujaza tumbo. Ricotta ina maji mengi. Ukiitia peke yake ndani ya unga ukaoka, maji yatatoka na kulowesha unga kutoka ndani. Suji hunywa maji hayo na kuyashika. Pastiera ya Pasaka, tati kubwa ya Napoli (keki yenye ganda la unga), hufanya vivyo hivyo kwa ngano nzima iliyochemshwa, mayai, na maji ya maua ya machungwa. Huokwa Alhamisi au Ijumaa Kuu ili iliwe Jumapili, kwa sababu harufu zake zinahitaji siku mbili kuingiliana. Ukiielewa kanuni hii utajua kwa nini ricotta mbichi hutiwa dakika ya mwisho, na ya kuokwa hupewa kitu cha kunywa maji yake.

Mama wa Sardinia anazungumzia seadas, na hapo jibini inabadilika kabisa. Si ricotta. Sardinia kondoo ni wengi kuliko watu, na wachungaji wake hutumia jibini changa ya kondoo, ya siku chache, iliyoachwa ikachacha kidogo. Kuchacha huko kunaifanya ivutike inapopata moto. Jibini isiyochacha hukatikakatika au hutoa mafuta. Huyeyushwa taratibu pamoja na suji kidogo na ganda la limau lililokunwa, ikatandazwa kuwa visahani, au katika baadhi ya vijiji hutiwa mbichi. Kisahani kinafungwa kati ya duara mbili za unga wa suji, kinakaangwa, na asali ya moto inamwagwa juu. Wengi huchagua asali chungu ya mti wa corbezzolo, na wana haki: utamu mtupu juu ya jibini ya mafuta huchosha haraka, uchungu unausawazisha. Zamani kilikuwa mlo wa mchungaji, si kitamu cha baada ya mlo.

Sardinia hiyohiyo ina vikombe vidogo vya Pasaka, kingo zake zimefinywa kwa vidole mpaka vikafanana na nyota. Kusini huitwa pardulas na hujazwa ricotta, zafarani na ganda la chungwa. Katikati na kaskazini huitwa casadinas, na mara nyingi ndani huwa jibini changa badala ya ricotta. Ukubwa ni uleule, umbo ni lilelile, lakini mtu wa kijiji kimoja anajua kwa kuonja mara moja kwamba hicho si cha kwao.

Maeneo ya katikati nayapita haraka. Roma wana tati ya ricotta na cheri chachu, iliyotoka kwa wapishi wa mtaa wa Wayahudi. Abruzzo na Molise wana fiadoni za Pasaka, unga uliojazwa jibini ngumu iliyokunwa na mayai. Huvimba ndani ya oveni mpaka hupasuka juu, na nyingi ni za chumvi. Marche wana calcioni, ambamo pecorino, jibini ya kondoo, na sukari hukaa pamoja, na unga huchanjwa juu ili jibini ifurike nje. Mgeni hushtuka kuona jibini ya chumvi ndani ya kitamu, akila cha pili huacha kushangaa. Kaskazini, penye ng'ombe na siagi, vitamu hujazwa zaidi krimu ya mayai, jamu au lozi. Jibini huko huingia kwenye vitu vya chumvi, kama mkate mwembamba wa Recco, karibu na Genova, wenye jibini laini katikati ya tabaka mbili.

Sasa jikoni kwako.

Ricotta ya maji ya jibini utaipata tu kama una jirani anayetengeneza jibini. Malindi na Watamu hilo si jambo la ajabu: Waitaliano wamekuwepo huko tangu kituo cha anga cha San Marco kilipojengwa Ngomeni miaka ya 1960, na mahali penye pizza nyingi hapakosi mtu anayetengeneza mozzarella, jibini ya pizza. Muulize anafanya nini na maji yanayobaki. Kama anayamwaga, yanunue siku hiyohiyo yakiwa bado matamu, maana yakichacha hayatoi ricotta nzuri.

Usipopata, tengeneza kwa maziwa yenyewe. Haitakuwa ricotta ya asili, lakini itafaa. Chukua lita 4 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na ukiweza, lita 1 kati ya hizo iwe ya mbuzi, kwa sababu huleta ule ukali mdogo unaokosekana kwenye ng'ombe. Pasha polepole hadi nyuzi 85, ukikoroga yasishike chini, wala yasichemke. Zima moto, tia maji ya limau au siki nyeupe, kama mililita 100, kidogo kidogo, ukisimama pale maji yanapoanza kuwa maangavu. Koroga mara mbili tu kisha acha dakika 15. Ukikoroga sana utapata punje ngumu. Kinga mabonge taratibu, uyaweke kwenye kitambaa cha pamba juu ya chujio. Usiyakamue wala usiyawekee uzito, kwani hapo utapata jibini ya kukatwa vipande. Na kwa kuwa limetumika limau, huna haja ya kimeng'enya cha tumbo la mnyama, kwa hiyo suala la halali limekwisha hapo.

Kuchuja ndiko kunakoamua kila kitu. Iache ricotta ndani ya friji usiku kucha, na katika unyevu wa pwani siku nzima ni bora zaidi. Ndipo utie sukari: gramu 300 hadi 400 kwa kilo 1. Ukitia sukari kabla ya kuchuja, itavuta maji na mchanganyiko utakuwa uji. Irudishe ndani ya friji saa chache, kisha ipitishe kwenye chujio chembamba kwa kuisukuma na kijiko. Usitumie blenda, inaivunja na kuimiminisha. Tia tone la vanila au mdalasini kidogo, si vyote viwili. Ikiwa imelegea hata hivyo, usiizitishe kwa krimu wala unga wa mahindi. Ichuje tena.

Kwa mrija, badala ya mafuta ya nguruwe tumia samli iliyoganda, gramu 60 kwa nusu kilo ya unga. Badala ya mvinyo tumia juisi ya zabibu nyekundu pamoja na vijiko viwili vya siki. Ile siki ndiyo itakayokupa malengelenge. Juisi ina sukari yake, kwa hiyo sukari unayotia kwenye unga isizidi kijiko kimoja, ama sivyo mrija utakuwa mweusi nje kabla ya kukauka ndani. Kanda donge gumu, lifunike, lipumzike saa 1. Lisukume mpaka liwe jembamba sana, chini ya milimita 2. Zungushia kibomba, bandika kwa ute wa yai, na uangalie ute usiguse chuma, kwani hautabanduka. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 180. Mirija ikipoa kabisa, ifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa. Itakaa siku kadhaa. Iliyojazwa haikai. Baada ya saa moja hewa ya Malindi imeshailainisha, na hata mteja asiyejua jina la jibini atajua kwamba kuna kitu kimekosewa. Baadhi ya wapishi hupaka chokoleti ndani ya mrija kuzuia unyevu. Inasaidia, ila ladha ya chokoleti huimeza ricotta, na mimi siwashauri.

Sfogliatella usianze na riccia. Anza na frolla, kwa unga wa siagi, na ndani ile ricotta ya suji. Mtu wa Napoli hataona kasoro, maana frolla ni yao vilevile. Ukishazoea, jaribu riccia. Wewe unayejua kupaka chapati samli, kuiviringa na kuisukuma upya, kanuni unayo tayari: tabaka hutenganishwa na mafuta. Tofauti ni kwamba donge la riccia huvutwa mpaka uone mkono upande wa pili, hupakwa mafuta, huviringwa kwa kukazwa kuwa gogo, hulala ndani ya friji, hukatwa visahani, na kila kisahani hufunguliwa kwa vidole gumba kuwa pembe. Fanya hayo alfajiri kabla ya joto, samli isiyeyuke mikononi.

Kwa seadas, tafadhali usitumie ricotta yako ya limau. Jibini iliyogandishwa kwa asidi na moto haiyeyuki, utaikaanga mpaka jioni na itabaki punje. Chukua mozzarella, ikamue maji vizuri, uichanganye na pecorino changa kidogo kama unaipata, pamoja na ganda la limau. Haitakuwa ile ya milimani Sardinia, lakini itavutika ukiivunja, na asali ya nyuki wa msituni, ile nyeusi, itafaa juu yake kuliko asali nyepesi ya dukani.

Ungeniuliza uanze na ipi kuuza, ningekuambia cassatelle za Trapani. Hazihitaji kibomba, hazihitaji oveni, ricotta inafungiwa ndani kwa hiyo haipati unyevu wa hewa, na mteja anaila ikiwa bado ya moto. Cannoli ziweke za kuagizwa tu, mirija ndani ya kopo na ricotta ndani ya friji, ujaze akishafika. Na ukimkaribisha tena yule mzee wa Palermo, mwambie mapema kwamba ricotta yako ni ya ng'ombe na mbuzi. Atakujibu kwamba ya kondoo ni bora. Mwambie unajua.